Msimu wa Mvua Kwenye Manowari Kievit

Surabaya, 9 Novemba 1904

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na kamanda mpya amepanda melini. Anaitwa Luteni Van Heukelom, ametoka Den Helder, Uholanzi, moja kwa moja, na jua la huku bado halijamgusa. Alipita mbele yetu akiuliza majina. Kwangu alisimama.

"Wewe ndiye mpiga mzinga wa mbele?"

"Ndiyo, Bwana Kamanda. Zakarias Mandagi, wa Minahasa."

"Mkristo?"

"Mkristo, Bwana."

Akanishika bega, akatabasamu. Maofisa wengine wamewahi kunishika pia, lakini shingoni. Nimelala na furaha kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

12 Novemba

Vurugu ya chakula. Mabaharia wa Ulaya, wanaoletwa kutoka kikosi cha nyumbani kwa miaka michache kisha kurudi kwao, wanakula mkate, nyama na viazi. Sisi wa huku, Wajawa, Waambon na Waminahasa, tunakula wali na samaki mkavu. Wali wa leo ulikuwa unatembea.

Sarijo, mchochea makaa, rafiki yangu wa miaka mingi, aliinua sahani yake juu akasema, "Jamani, msiwaonee wadudu hawa. Na wao wameajiriwa kienyeji kama sisi."

Tulicheka mpaka tukakosa pumzi. Serahangi Kloosterboer, msimamizi wa mabaharia, akaja. Huyu ni Mholanzi mwenye shingo nyekundu kama kamba aliyechemshwa, amekaa Jawa muda mrefu hata anatukana kwa Kijawa bila kosa la sarufi. Hakuuliza kitu. Alimpiga Sarijo kofi la sikio, damu ikatoka.

Upande wa pili Mholanzi mmoja naye akarusha sahani, kwa kuwa viazi vilikuwa vibichi.

Kamanda akashuka mwenyewe. "Serahangi, kwenye meli yangu watu hawapigwi ovyo. Tuna sheria." Tukatazamana. Wengine nusura wapige makofi.

Mchana sheria ikasomwa. Yule Mholanzi alifungiwa chumbani bila tumbaku. Sarijo alifungwa kwenye ngazi ya mlingoti akachapwa henzirani mgongoni mpaka ngozi ikafunguka, daktari akiwa pembeni. Kamanda alitazama tangu mwanzo hadi mwisho, kofia chini ya kwapa, kama mtu aliyeko kanisani.

Nilimwambia Sarijo nikimpaka mafuta, "Angalau yeye anafuata kanuni."

"Kaka Zakarias," akasema, "kofi la Kloosterboer lilikuwa la hasira, na hasira hupoa. Huyu Kamanda wako hakukasirika hata kidogo."

Sikumwelewa. Nilidhani maumivu ndiyo yaliyokuwa yakisema.

20 Novemba

Tumeng'oa nanga. Bahari mbaya. Waambon wawili wametapika kwenye ngoma ya kuitia zamu.

28 Novemba

Tumefika pwani ya Tolewa. Raja, mfalme wa hapa, amekataa kusalimisha bunduki zake, na kazi yetu ni kumfungia bahari: chombo chochote kisiingie wala kutoka mtoni. Milima haionekani kwa mvua.

3 Desemba

Mvua.

4 Desemba

Mvua. Viatu vimeota ukungu.

11 Desemba

Leo nimeua.

Mashua ilitoka mtoni asubuhi ikiambaa ufukwe. Tulipiga tarumbeta, haikusimama. Kamanda akaniambia taratibu, kama anayeomba chumvi mezani, "Mandagi, isimamishe." Risasi ya kwanza ilianguka mbele yake. Ya pili ikaingia katikati. Mbao ziliruka, na kitu kingine kiliruka pamoja na mbao, nikajiambia ni tanga.

Tulipofika kwa boti tulikuta mzee anaelea, miguu hana, bado anajaribu kuongea. Kloosterboer alimshika mkono mpaka alipoacha. Kijana mmoja tulimtoa mzima, jicho limening'inia shavuni. Wengine walikuwa vipande. Bunduki hatukuona hata moja. Walikuwa wamebeba chumvi, na chumvi yote ilishayeyuka.

Kamanda alinipa sigara yake ya Havana. "Shabaha safi," akasema. Niliivuta. Nilitamani isiwe tamu.

12 Desemba

Mvua. Yule kijana amekufa.

19 Desemba

Kloosterboer amempiga ngumi Mwambon kwa kulala zamu, kisha akamkalisha zamu hiyo hiyo, akakaa naye mvuani. Simwelewi mtu huyu.

25 Desemba

Krismasi. Tuliimba juu ya sitaha chini ya turubai. Wazungu walipewa pombe ya mreteni, na sisi Wakristo wa huku tukapewa kikombe kidogo zaidi. Wajawa hawakupewa kitu.

Sarijo alipanda kutoka kwenye tanuri, mweusi kwa makaa. "Heri ya sikukuu, Mholanzi mweusi."

"Usianze."

"Nianze nini? Ndivyo wanavyowaita ninyi Waminahasa huko pwani. Wewe kutwa unatazama usoni mwa huyo kamanda wako kujua kama amefurahi. Akikwambia umpige mama yangu, utauliza masafa tu."

Nilimpiga kifuani. Naye akanipiga mdomoni. Tulibiringishana kwenye maji ya sitaha huku Wazungu wakipiga miluzi na kuweka dau, mpaka Kloosterboer akatutenganisha kwa mateke, haki sawa, mimi mawili yeye mawili.

Mdomo umevimba. Kinachouma zaidi ni yale maneno.

6 Januari 1905

Meli nyeupe ya serikali imetia nanga karibu yetu. Imemleta Bwana Tiedeman, mtawala wa wilaya, kuja kuzungumza na Raja. Kamanda wetu hakumkaribisha hata chai.

Nilikuwa nasafisha mzinga pamoja na serahangi, nikamuuliza kwa nini Waholanzi wawili wa bendera moja wananuniana.

"Bendera moja, baba wawili," akasema Kloosterboer. "Ile nyeupe ni ya Gavana. Inabeba barua, inakamata maharamia, inamtii Gavana basi. Sisi ni manowari ya vita. Tunamtii Amirali, na Amirali anamtii Waziri huko Uholanzi. Hawa wakipatana na Raja kwa maneno, huyu kijana wetu atarudi nyumbani bila nishani. Unadhani amekuja huku kufuata mvua?"

"Kamanda si mtu wa hivyo."

Akaniangalia kama unavyomwangalia mtu anayezungumza usingizini. "Haya. Sugua."

9 Januari

Mimi, serahangi na wengine tulimpeleka Tiedeman ufukweni kwa boti. Mazungumzo yalifanyika chini ya kibanda cha makuti, nasi tumesimama nyuma yake. Raja amechoka. Wanawe wawili walikufa mwaka jana. Amekubali. Baada ya siku tatu, watu wake watazileta bunduki kwa mashua, kitambaa cheupe mbele, na Raja mwenyewe atachukuliwa na meli nyeupe kutoka ng'ambo ya rasi.

Tulirudi, Tiedeman akapanda kwenye Kievit akamweleza Kamanda hayo yote. Nilikuwa kwenye ngazi, nimeshika kamba. Nilisikia kila neno. Kamanda alijibu, "Nimekusikia, Bwana."

12 Januari

Naandika nikiwa na pingu mguuni. Nisipoandika nitasahau mpangilio wa mambo, na kesho nitaanza kujidanganya.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Meli nyeupe ilikuwa imeondoka kwenda ng'ambo ya rasi kumchukua Raja. Mashua zikatoka mtoni, zimefuatana, zimejaa watu. Mbele ya ile ya kwanza alisimama mtu ameshika mwanzi mrefu, na kwenye mwanzi kitambaa cheupe, kipana kama shuka. Kwa macho matupu nilikiona. Kamanda alikuwa na darubini.

"Kila mtu mahali pake," akasema. "Mandagi, mashua ya mbele. Piga."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Bwana Kamanda, wana kitambaa cheupe. Ndio wale wa makubaliano."

"Mimi sijakubaliana na mtu. Bwana Tiedeman ndiye aliyekubaliana, na meli hii haiko chini ya Bwana Tiedeman. Naona watu wenye silaha wanaikaribia manowari ya Malkia. Piga."

Nilikuwa nimeshika kamba ya kufyatulia. Niliona mtu wa kitambaa anatikisa mwanzi, anacheka, nadhani, au ni jua lilikuwa machoni mwake. Nikaiachia kamba.

"Siwezi, Bwana."

Sijui lile neno lilitoka wapi. Tangu nizaliwe sijawahi kumwambia Mzungu neno hilo.

Kloosterboer alikuwa nyuma yangu. "Kamanda, na mimi nilikuwepo kule ufukweni. Nilisikia kwa masikio yangu. Wale wanakuja kusalimu amri."

Kamanda hakutupigia kelele. Aligeuka tu kwa Wiebe, baharia wa kikosi cha nyumbani aliyekuwa kwenye bombomu, ile bunduki ya risasi za mfululizo, juu ya daraja la meli, kijana Mfrisi ambaye hakuwa ufukweni na hakujua lolote. "Wiebe, mashua zote. Anza."

Na Wiebe akaanza.

Risasi zilitembea juu ya maji kama mvua inayokuja, kisha zikapanda ndani ya mashua. Mtu wa kitambaa alikatika. Sijui neno jingine. Sehemu ya juu iliangukia nyuma na miguu ikabaki imesimama kidogo. Watu walisimama, wakainua mikono, na mikono ikachanwa. Wengine walijitupa majini na maji yakawa yanachemka pale pale walipozama. Nilisikia sauti ya mwanamke. Kwa nini kulikuwa na mwanamke? Mashua ya pili ilipinduka, bunduki zilizofungwa kwa mafungu kama kuni zikamwagika baharini, na kila mtu kwenye Kievit aliziona zimefungwa.

Kloosterboer alipanda ngazi ya daraja kwa kasi ambayo sikujua anayo. Aliushika mdomo wa bombomu kwa mikono mitupu, ukiwa wa moto, akausukuma juu. Nilisikia nyama ikiungua. Wiebe akaachia, akafunika uso.

Kamanda akatoa bastola akampiga serahangi risasi ubavuni. Kloosterboer akaanguka kwa magoti, mikono bado imeng'ang'ania chuma. Kamanda akasogea hatua moja, akaweka bastola karibu na sikio lake. Alifanya polepole, kwa adabu, kama alivyofanya mambo yote.

Nilikuwa nimeshafika juu. Mkononi nilikuwa na ule mti wa kusafishia mzinga, mrefu, kichwa chake kina shaba. Nilimpiga Kamanda kisogoni kwa nguvu zangu zote. Kulitoka mlio kama wa nazi inayopasuliwa. Akalala kifudifudi. Nilitaka kumpiga tena. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: nilitaka kumpiga mpaka kichwa kiishe. Kilichonizuia ni Sarijo, aliyekuwa amepanda kutoka tanuri na kunikumbatia kwa nyuma, akinung'unika, "Basi, kaka, basi, basi."

Honi ikalia. Meli nyeupe ilikuwa imetokeza kwenye rasi, ikaja moja kwa moja ikajiweka katikati yetu na mashua zilizobaki. Raja alikuwa amesimama mbele kabisa, akitazama maji.

Luteni wa pili, aliyekuwa kitandani kwa homa, alitoka amejifunga blanketi. "Nani amempiga Kamanda?"

Mti ulikuwa umelala pale, una nywele. Kisha kutoka chini, kwenye damu, Kloosterboer akasema, "Mimi."

Tumefungwa sote tuliokuwa darajani. Kamanda yu hai.

13 Januari

Maiti zinapita ubavuni mwa meli na mkondo. Tunazisikia zikigonga mbao.

15 Januari

Tuko njiani kurudi Surabaya. Serahangi amelazwa nami kwenye chumba cha kamba, mikono imefungwa vitambaa kama maboga. Daktari ametoa risasi. Nilimuuliza kwa nini amesema uongo.

"Sikiliza, mjinga. Mimi ni Mholanzi. Wakinitia hatiani watanirudisha Uholanzi, gereza lina jiko la makaa na mchungaji kila Jumapili. Wewe watakutundika hapa hapa bandarini kabla chai yao haijapoa. Hesabu gani ngumu hapo?"

"Lakini hunipendi hata kidogo."

"Sikupendi. Siwapendi nyote, mnanuka samaki. Ila yule alishaniwekea chuma sikioni, nawe ukamwangusha." Akafumba macho. "Kamanda hakuona aliyempiga. Nilimpiga mimi, na yeye akafyatua akianguka. Ndivyo ilivyokuwa. Rudia."

Nikarudia.

"Tena."

Surabaya, 21 Januari

Wameanza kutuhoji mmoja mmoja. Wiebe amesema alifunika uso, hakuona kitu. Hajapigwa. Mimi nimepigwa magoti na nyayo. Nilisema kama nilivyofundishwa. Jioni walimchukua Sarijo.

22 Januari

Sarijo hajarudi.

24 Januari

Wamemrudisha. Hawakuamini kwamba mtu mwenye mikono iliyoungua anaweza kumpiga kisogoni mtu aliyesimama nyuma yake, kwa hiyo walitaka jina jingine, na walijua Mjawa atakuwa nalo. Walitumia henzirani, kisha maji, kisha kitako cha bunduki. Tumbo limekuwa gumu kama ngoma. Anakojoa damu.

"Nimewaambia jina," akaninong'oneza. Nikamsogelea. "Nimewaambia ni wale wadudu wa wali."

Alijaribu kucheka.

26 Januari

Sarijo amefariki alfajiri hospitalini. Askari alinipa habari akiwa anakula ndizi.

Nilipomwambia Kloosterboer, aligeukia ukutani. Kutwa nzima hakugeuka.

Februari, sijui tarehe

Mvua. Kesi imeahirishwa.

Februari

Mvua. Nimepata homa, imepita. Kila siku serahangi ananiambia nirudie. Kila siku narudia, na kila siku maneno yale yanazidi kuwa na ladha ya kutu.

4 Machi

Kesi.

Maofisa wa korti walikaa kwenye meza ndefu, picha ya Malkia nyuma yao. Kamanda Van Heukelom alitoa ushahidi akiwa na bandeji, kwa sauti ile ile ya upole. Alisema anamhurumia serahangi. Joto la makoloni huharibu hata watu wazuri. Nikalitazama bega langu, pale alipolishika siku ile, nikaona haya hata kwa ngozi yangu.

Kloosterboer alisema, "Nilimpiga mimi. Nilikuwa nimelewa." Hakuwa amelewa.

Nikaitwa kuthibitisha. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikamwona Sarijo na tumbo lake.

"Mabwana, si yeye. Nilimpiga mimi. Nilimpiga kwa nyuma, kwa mti wa kusafishia mzinga, kwa sababu alikuwa anataka kumuua mtu aliyepiga magoti. Na kabla ya hapo alipiga mashua zenye kitambaa cheupe, na alijua."

Nilisikia Kloosterboer akitukana chini kwa chini kwa Kijawa.

Rais wa korti, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliweka kalamu mezani. "Mandagi, una homa?"

"Sina, Bwana."

"Nasoma hapa kwamba ulikuwa na homa mwezi uliopita."

"Ilipona."

"Habari za makubaliano na vitambaa ni za serikali, si za korti ya manowari. Bwana Tiedeman si mtu wetu, hatuwezi kumwita. Na hili jingine..." Alinitazama, na niliona kitu ambacho sikukitegemea: aliogopa. Hakuniogopa mimi. Aliogopa ukumbi, Wajawa waliosimama mlangoni, mabaharia wa huku waliojaa mpaka nje barazani. "Hakuna mwenyeji aliyewahi kumwangusha kamanda wa manowari ya Malkia mbele ya watu wake. Jambo hilo halijatokea. Karani, usiliandike."

"Limetokea, Bwana! Nilimpiga hapa!" Nikajigusa kisogo. Askari wawili wakanikamata. Nilikuwa napiga kelele bado waliponitoa, na pale mlangoni watu walinipisha njia, wengine wakinigusa mkono nikipita.

Hukumu: Kloosterboer kifungo cha miaka mingi Uholanzi, na kuvuliwa cheo. Mimi nimeachishwa kazi kwa ugonjwa wa akili. Kamanda anarudi nyumbani kwa meli ya abiria, daraja la kwanza. Wanasema atapewa nishani.

11 Machi

Nilikwenda gatini. Kloosterboer alikuwa anapandishwa melini na pingu juu ya mikono yenye makovu, bado haikunjiki. Askari aliniacha nisogee; yeye ni Mwambon.

"Mpumbavu wewe," akaniambia. "Nilikufundisha wiki ngapi? Nusura uniharibie. Nusura ujinyonge kwa mdomo wako mwenyewe. Ulishindwa nini kukaa kimya?"

"Sarijo alikaa kimya, serahangi."

Nilidhani atatema mate au atanitukana. Badala yake alisogeza zile pingu, akanishika kiganja kwa vidole vyake vilivyoungua, akakibana mpaka kikauma, kisha wakamvuta juu.

Hakuangalia nyuma. Nilisubiri mpaka meli ikapita boya la mwisho.

14 Machi

Mvua imeisha. Mbingu ni safi tangu jana, na mitaa inanuka tope linalokauka. Sina sare, sina cheo, na nina cheti kinachosema mimi ni mwendawazimu.

Kesho nachukua treni kwenda Kediri kwa mama yake Sarijo. Wamemwandikia kwamba mwanawe alikufa kwa homa ya matumbo. Nitakaa naye chini, nitamwambia nani alimpiga kamanda, na kwa nini mwanawe hakutaja jina. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Akitaka kunipiga, kisogo ninacho. Lakini hapo kwake hakuna wa kuniambia kwamba halijatokea.